Kumbe perege aliyenisomesha yuko hatarini!

MPENZI msomaji, kama umewahi kushuka basi pale Same mchana wa mwezi wa pili, huna haja ya kusimuliwa habari za jua. Jua la Same halina adabu. Linakupiga utosini, upepo unakumwagia vumbi machoni, na wewe umesimama hapo unaitazama milima ya Upare imefunikwa mawingu, watu wa kule juu wamevaa masweta! Ndiyo kwetu huko. Na harufu ya utoto wangu si ya tangawizi ya milimani wala ya makande. Ni ya perege anayekaangwa.

Mama yangu ni muuza samaki. Karai, jiko la mkaa, meza yenye chandarua cha kuzuia nzi, na ulimi wa kumkaribisha mteja. Basi. Kwa mtaji huo nimevaa viatu, nimenunuliwa madaftari, nimesoma mpaka kidato cha nne. Samaki wote walitoka Nyumba ya Mungu. Wakati huo nilidhani perege ni kama mchanga, unachota tu na kesho unakuta upo.

Cha kuchekesha ni kwamba bwawa lenyewe sijawahi kulitia machoni hadi mwaka huu. Wazungu wanapanda ndege kuja kuutazama Kilimanjaro, mimi nyumbani kwangu na Nyumba ya Mungu ni mwendo wa asubuhi moja, na nimefika miaka ishirini na saba sijapaona. Msinicheke. Wewe mwenyewe unayesoma hapa kuna kitu kiko nyuma ya nyumba yako hujakwenda kukiangalia.

Kilichonitoa nyumbani ni simu. Nilikuwa kijiweni naperuzi, nikakuta habari ya samaki wa huko Ulaya na Asia anaitwa stajeni. Bwana wee, huyo ni samaki au ni kifaru? Hana magamba kama haya tuliyoyazoea, ana safu za mifupa migumu mgongoni na ubavuni. Ukoo wake ulikuwapo duniani enzi za dinosaria. Mmoja wao, beluga wa Bahari ya Kaspi na Bahari Nyeusi, zamani aliweza kufika uzito wa tani moja na kupita. Mayai yake ndiyo ile kaviari ambayo matajiri wanaila kwa kijiko kidogo, tena wanajisikia.

Na mayai hayo ndiyo yaliyomponza. Jike la beluga linakaa kama miaka 15 au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza, na likishaanza, halitagi kila mwaka. Linatoka baharini, linapanda mto, linakwenda kutaga mbali huko kwenye changarawe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Warusi wakaweka bwawa la umeme pale Volgograd, kwenye mto Volga. Samaki anafika ukutani anagonga kichwa. Wavuvi nao wako nyuma yake na visu vya kupasulia tumbo. Ikafika mahali mwaka 1998 biashara ya stajeni wa kila aina ikawekwa chini ya mkataba wa CITES, na mwaka 2022 IUCN, wale wanaotunza Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini, wakatangaza kwamba aina zote 26 za stajeni ziko hatarini.

Nikacheka. Nikasema hayo ni ya Wazungu na matumbo yao. Ila udadisi ni ugonjwa, nikaendelea kubofya nione kama na Tanzania imo kwenye orodha hiyo. Imo! Jina, Oreochromis jipe. Makazi, Ziwa Jipe, mto Pangani, bwawa la Nyumba ya Mungu. Hali, hatarini kupita kiasi, ngazi moja tu kabla ya kutoweka kabisa porini. Picha ikachukua muda kufunguka. Ilipofunguka nikamwona perege. Yule yule wa kwenye karai la mama.

Kesho yake nikapanda Kosta.

Kutoka Same unafuata lami ya kwenda Moshi, milima iko kulia kwako, mikonge inapita dirishani. Wilayani Mwanga unaiacha lami unashika vumbi kuelekea magharibi, na hapo ndipo bodaboda anapokupima kwa macho kabla ya kutaja nauli. Migunga mitupu, mbuzi, ng'ombe wa Wamasai, joto. Unaanza kujiuliza kama umedanganywa. Halafu mbele kabisa unaona kitu cheupe kinametameta, unadhani ni mazigazi. Kumbe maji! Maji hayo, ndugu msomaji, ni mengi. Nyuma yako milima ya Upare, mbele yako tambarare za Simanjiro, na kaskazini mawingu yakikaa vizuri Mzee Kilimanjaro anachungulia.

Jina la Nyumba ya Mungu lilitoka wapi? Kila mzee ana lake, na sisi Wapare tukianza kubishana hatuishii barazani, tunakwenda mpaka mahakamani. Tuliache.

Mjomba wangu anaishi huko kando ya maji na amevua tangu miaka ya themanini. Nilimkuta anashona wavu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu sana."

"Umekuja kutembea au umekuja kukopa?"

Nikamwambia nimekuja kumwona perege. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa na mgeni wa Same kwamba amekuja kuona vumbi.

Alfajiri tukashuka mwaloni. Kina mama wameshajipanga na mabeseni, wamejifunga kanga, vicheko na matusi madogo madogo ya kirafiki. Bodaboda wamefunga kreti nyuma. Mitumbwi inaingia mmoja mmoja. Ila nikagundua kitu. Kuna samaki walikuwa wameshafika kabla yetu, gizani, hakuna aliyeniambia wametoka mtumbwi gani, na hao walikuwa wadogo. Wadogo hasa, urefu wa kiganja au chini yake. Hao ndio wanaokwenda haraka kwa sababu fungu lake linanunulika. Nikawatambua mara moja. Hao ndio waliokuwa wakija Same.

"Kokoro," mjomba akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Kwa msomaji wa mjini, kokoro ni wavu mrefu wa matundu madogo. Unazungushwa kwenye maji ya kina kifupi, halafu watu wanaukokota kutoka pande zote mbili mpaka ufukweni, unabeba kila kitu: mkubwa, mdogo, magugu, tope. Ni marufuku, na kila mtu anajua kuwa ni marufuku.

Mjomba akainama kwenye beseni la mama mmoja (kwa ruhusa yake, maana hapo ukigusa bila ruhusa utajuta), akachagua perege mmoja mdogo ambaye kidevu chake kilikuwa kimevimba. Akambonyeza taya kwa kidole gumba. Yakatoka mayai! Ya njano iliyokolea, kama punje za ulezi, yakamwagika kwenye kiganja cha mjomba. Nikayasogelea. Mengine yalikuwa na vidoti viwili vyeusi. Macho. Yalikuwa yananitazama.

"Huyu alikuwa amefunga," mjomba akasema. "Wakiwa mdomoni hali kitu."

Hapo ndipo mwenzenu nilipoanza kuelewa kile nilichokisoma kwenye simu bila kukielewa. Dume la perege huyu linakwenda kwenye maji mafupi yenye mchanga, linachimba kishimo kama bakuli, linakisafisha kwa mdomo na kukilinda dhidi ya madume mengine. Jike linakuja, linataga humo, dume linayarutubisha, na papo hapo jike linayakusanya mayai yote mdomoni. Linaondoka nayo. Yanaanguliwa humo humo. Kwa muda wa wiki mbili hivi mama huyo hali, au anakula kidogo mno. Vitoto vikishajua kuogelea anavitoa vicheze kidogo, lakini adui akitokea anafungua mdomo na vyote vinakimbilia ndani.

Sasa pigeni hesabu wenyewe. Beluga anataga mayai kwa malaki, jike kubwa hata kwa mamilioni, anayaacha mtoni anakwenda zake. Perege wetu ana mamia tu, kutegemea ukubwa wa mama, kwa hiyo hawezi kucheza pata potea. Anategemea malezi. Ukimvua mmoja aliyefunga hukuvua samaki mmoja, umevua familia, na ile familia haifiki hata kwenye karai, inamwagika mchangani. Na kokoro linapita wapi? Pale pale kwenye maji mafupi yenye vile vishimo! Halibebi samaki tu, linasawazisha na vitanda vyao.

Nilimuuliza mjomba mbona huyu mdogo hivi ana mayai, si mtoto? Akasema zamani perege wa kutaga alikuwa wa kujaza sahani. Wataalamu wa samaki nao wanalisema hilo kuhusu perege wa sehemu nyingi: wakivuliwa sana, na wakubwa wote wakiisha, wanaobaki ni wale wanaowahi kuzaa wakiwa na miili midogo. Kwa hiyo unavua wadogo, wanazaa wakiwa wadogo, unapunguza matundu ya wavu uwapate. Mchezo huo una mwisho mmoja tu.

Nyumbani kwa mjomba, tukinywa chai, nikamsomea ya kwenye simu, maana na mimi nilitaka nionekane nimesoma. Perege huyu alipewa jina la kitaalamu mwaka 1955 na mama mmoja Mwingereza, Rosemary Lowe. Alikuwa mtafiti wa samaki wa Afrika Mashariki, makao yake Jinja, Uganda. Alizunguka kwenye maziwa na mito yetu akitenganisha perege na perege. Ziwa Jipe, pale mpakani na Kenya, ndilo lililompa jina huyu wa kwetu. Mwingine wa huku huku Pangani akaitwa korogwe. Naam, ule mji wa mikonge una samaki wake kwenye vitabu vya dunia na sidhani kama wenyewe wana habari! Na kule Ziwa Chala, juu ya Taveta, kuna mwingine ambaye hapatikani kwingine kokote duniani. Huyo mama aliacha kazi ya serikali ya kikoloni mwaka 1953 kwa sababu aliolewa, sheria zao zilikuwa hazitaki mwanamke mwenye mume. Akaendelea na samaki wake bila cheo mpaka alipofariki mwaka 2014. Mjomba akasema, "Basi huyo alikuwa Mpare."

Bwawa lilikuwa bado halipo wakati huo. Huku kulikuwa na mito miwili, Kikuletwa unaotokea upande wa Meru na Kilimanjaro, na Ruvu unaotokea Ziwa Jipe, inakutana na kuwa Pangani. Katikati ya miaka ya 1960 wakajenga ukuta chini ya makutano hayo ili kuyatunza maji kwa ajili ya umeme na umwagiliaji. Mtambo wa hapa wenyewe ni mdogo, megawati 8, lakini maji yanayofunguliwa hapa yanakwenda kuzungusha mitambo ya Hale na Pangani huko Tanga.

Na hapa ndipo habari yetu inapoachana na ya stajeni. Kule Volga bwawa lilimfungia samaki mlango. Huku bwawa lilimjengea jumba. Perege hahitaji kupanda mto mrefu, anataka maji yaliyotulia, mchanga na vyakula vya kijani. Maji yalipopanda yakafunika miti, majani na samadi ya ng'ombe, vyote vikaoza, vikarutubisha maji, vimelea vya kijani vikajaa, perege wakala wakazaliana kama hawana akili. Habari ikaenea. Wavuvi wakamiminika, wengine kutoka huko Ziwa Victoria, vijiji vikaota kandokando. Mwaka 1970 walivua karibu tani 28,000. Tani! Mjomba alikuwa bado mtoto, lakini anasema wazee walikuwa wakisimulia kwamba malori yalikuwa yanapanga foleni.

Haikuchukua miaka. Mbolea ile ya mwanzo ilikwisha, nyavu zikazidi, mavuno yakaporomoka, na hayajarudi tena pale. Ukame ukija maji yanashuka, ule mchanga wa vitanda unabaki mkavu. Ziwa Jipe nalo magugu yameliingia na kulibana. Juu ya hayo kuna wageni. Si kila perege unayemwona bwawani ni huyu jipe. Yupo ngege aliyeletwa kutoka Ziwa Victoria, na maskini ya Mungu huyo naye ni mkimbizi, maana kule kwao alikotoka amekaribia kwisha. Sato naye amesambazwa nchi nzima kwa sababu anakua haraka, na sato ana tabia ya kuoana na perege wenyeji. Watoto wao wanazaa vizuri tu, na polepole damu ya mwenyeji inapotea bila mtu kufa. Mwenye samaki kwenye sahani hawezi kujua. Hata mjomba anasema siku hizi wengine anawatazama hajui awaite nani.

Sasa nifike kwenye lile ninalolikwepa.

Mwezi wa saba mwaka 2016 serikali ililifunga bwawa. Hakuna kuvua, mwaka mzima, samaki wapumzike. Mimi nilikuwa kidato cha nne, miezi michache kabla ya mtihani. Ndiyo, ada ilikuwa imefutwa mwanzoni mwa mwaka huo huo, lakini nauli haikufutwa, sare haikufutwa, na chakula cha jioni hakikufutwa. Karai la mama likalala chali. Akajaribu maandazi, mtaani kwetu wauza maandazi walikuwa wanne tayari. Akajaribu tangawizi, hakuwa na mtaji wa kutosha. Kuna wiki nilikuwa naamka usiku nasoma kwa koroboi nikiwa na uji tu tumboni. Matokeo yalipotoka nilipata divisheni foo. Sisemi kwamba ni kwa sababu ya bwawa, wapo waliokula vibaya kunishinda wakafaulu. Lakini kwa miaka mingi nikisikia neno "uhifadhi" nilikuwa naona sufuria tupu.

Nikamuuliza mjomba mwaka ule kwake ulikuwaje. Akanyamaza kidogo. Akasema aliuza mbuzi wawili na baiskeli. Halafu akasema, bila kuulizwa, kwamba walipofunguliwa, siku za mwanzo alitoa samaki ambao alikuwa hajawaona tangu ujana wake. Alinyoosha mikono kunionyesha urefu. Wavuvi wote ni waongo kwenye urefu wa samaki, lakini nilimwamini.

"Vilidumu muda gani?" nikauliza.

"Muda wa kokoro kurudi."

Kwa hiyo kilio chake si kufungwa. Kilio chake ni kwamba wale walionyamaza njaa mwaka mzima waliweka akiba, akaja mwingine na wavu wa usiku akaichukua akiba yenyewe. Yeye anataka ulinzi wa mwaka mzima kwenye ile mikono ya maji mafupi ambako perege anachimba, hapo tu, na kwingine watu waachwe wavue kwa nyavu za halali. Anasema sehemu zenyewe kila mvuvi anazijua, hata wenye kokoro wanazijua, ndiyo maana wanakwenda.

Wakati wa kuondoka akanifungia perege watatu wakubwa kwenye gazeti na mfuko, kwa ajili ya dada yake. Nikarudi Same nanukia hadi kondakta akanihamishia kiti cha nyuma.

Mama akawafungua mezani, akawapima kwa mkono. Nikamweleza yote, mayai, macho, kufunga, Orodha Nyekundu, Warusi, mpaka huyo Mama Rosemary. Alinisikiliza huku anachochea mkaa. Mwishoni akauliza swali moja.

"Huyu mkubwa mmoja hapa Same atanunuliwa na nani, mwanangu? Mtu ana elfu moja mkononi, anataka samaki mzima aonekane kwenye sahani."

Sikuwa na jibu. Meza yake asubuhi hiyo ilikuwa imejaa wale wa kiganja. Nilichukua mmoja nikamfungua mdomo, hakuwa na kitu, nikamrudisha. Mama akaniona.

"Unatafuta nini?"

"Hamna kitu, mama."

Jioni nikamkuta anahesabu kwa vidole. Kichwa peke yake bei gani, kipande cha kati bei gani, mkia nani atautaka, mafuta yatazidi kiasi gani maana mkubwa anachukua muda kuiva. Ijumaa akampigia simu yule kijana wa bodaboda anayemletea mzigo, akamwambia kwenye kreti ya kesho amtengee wakubwa kumi, lakini asizoee.

Jumamosi sita waliuzwa vipande. Wanne tulikula wenyewe.